Kinna hupigwa picha kiangazi

Kinna nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilifika kwa kidole, usiku, nimelala chali chumbani mwangu Mombasa, simu i usoni. Mara ya pili nilifika kwa matatu na kwa miguu, na vumbi nikalila. Baina ya safari hizo mbili pana jambo lililonikaa rohoni, na leo, msomaji, nataka tulizungumze taratibu, maana hata wewe uliye Lamu, Vanga au Pemba lakuhusu kuliko udhanivyo.

Mwenzangu wa chuoni, tuliyesoma naye juzuu ya Amma chini ya fimbo moja, ni miaka mingi sasa amehamia Kinna, katika kaunti ya Isiolo, akiwasomesha Kurani watoto wa Kiborana. Alinialika nikamzuru. Nami kwa kuwa ni mtu wa pwani, niliyezoea kuijua njia kwa minazi na minara, nikaona niitazame kwanza hiyo nchi kwenye ramani ya simu. Ile yenye kitufe cha kuonyesha ardhi kwa picha, si michoro mitupu ya barabara.

Nikaanzia juu kabisa, dunia ikiwa tufe. Nikatanua vidole. Ikaja Afrika, ikaja Kenya, ukaja Mlima Kenya na kilemba chake cheupe, na kaskazini-mashariki yake milima ya Nyambene, kijani kizito. Chini ya Nyambene ardhi ikateremka, ikawa na rangi ya majani yaliyochanganyika, mabichi na makavu. Nikasema, alhamdulillahi, mwenzangu ana malisho. Nikatanua vidole mara nyingine. Papo hapo, kama mtu aliyevuta pazia, nchi yote ikawa nyekundu na nyeupe, kavu, miti ni nukta nukta. Na upande mmoja pakatokea mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, huku ukavu, kule kijani. Pale hapana mto, wala ukuta, wala ua. Nikarudi nyuma kidogo, majani yakarejea. Nikakaribia, yakatoweka.

Jicho la mwanadamu halifanyi hivyo. Mtu akiwa juu ya mnara akaona shamba la kijani, hushuka akalikuta lile lile. Nililala na swali hilo, na jawabu lake nilikuja kulipata kwa kusoma na kuulizauliza. Ile si picha moja. Ni tanga la viraka.

Manahodha wetu wayajua haya. Tanga lilipochanika halikutupwa. Lilitiwa kiraka cha marekani, baadaye kiraka cha turubai, baadaye tena kipande cha tanga la jahazi lililokwisha kufa. Jahazi likiwa mbali waliona tanga moja jeupe limejaa upepo. Likikaribia gati ndipo uonapo mishono.

Ramani hizi zimepangwa kwa ngazi. Katika ngazi ya mwanzo, iitwayo sufuri, dunia nzima huwekwa ndani ya kigae kimoja cha mraba, chenye nukta 256 kwa 256. Ukipanda ngazi moja, kigae hicho hugeuka vinne. Ngazi ya pili huwa vigae 16. Na kila ngazi huzidisha mara nne. Ukifika ngazi ya 18, vigae vya kuifunika dunia hupita bilioni 68. Simu haivibebi vyote. Huagiza vile tu vinavyoenea kwenye kioo chake, na ndiyo sababu mtandao ukiwa dhaifu huviona vikija kimoja kimoja, kama fundi anayetandika sakafu. Katika Ikweta, ambayo Kinna ni jirani yake, nukta moja ya ngazi ya 10 hubeba kama mita 153 za ardhi. Ya ngazi ya 13, kama mita 19. Ya ngazi ya 18, kama sentimita 60. Yaani katika ngazi ya 10 mji mdogo mzima ni nukta chache tu, na katika ngazi ya 18 ngamia mmoja aweza kuwa nukta kadhaa.

Lakini hakuna kamera moja iliyozipiga ngazi zote hizo. Kwa ngazi za mbali hutumiwa setilaiti zionazo eneo kubwa bila undani mwingi. Mashuhuri ni Landsat za Marekani, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972. Zile za siku hizi hupita kilomita 705 juu yetu, kila safari hufagia ukanda wa kilomita 185, na kila moja hurejea mahali pale pale baada ya siku 16. Nukta yake ya rangi ni mita 30. Tangu 2008 picha hizo zimeachiwa kila mtu bure, na tangu 2015 watu wa Ulaya nao wana Sentinel-2, yenye nukta za mita 10.

Hapa ndipo penye hila, nami silitamki neno hilo kwa ubaya. Tatizo la kila apigaye picha kutoka juu ni mawingu. Huwezi kupata siku moja ambayo Afrika Mashariki yote imekaa wazi bila wingu hata moja. Basi wenye ramani huchukua picha nyingi za mahali pamoja, za siku mbalimbali na pengine za miaka mbalimbali, wakazipanga moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, kisha kompyuta ikachagua, nukta kwa nukta, zile ambazo ardhi imeonekana safi. Google walipoitengeneza upya picha yao ya mbali mwaka 2016, kwa kutumia Landsat 8, walisema wamepitia zaidi ya nukta trilioni 700. Matokeo yake ni dunia nzuri, laini, isiyo na wingu. Lakini ni dunia ya siku isiyokuwamo katika kalenda yoyote, ya Hijria wala ya Miladia. Nukta hii yaweza kuwa ya Februari, na jirani yake ikawa ya Juni ya mwaka mwingine. Yale majani yangu ya Kinna yalikuwa ya siku hiyo isiyokuwapo.

Ukivuka ngazi fulani, ramani huiacha picha hiyo ikashika nyingine, zilizonunuliwa kwa makampuni yenye setilaiti kali. WorldView-3, iliyorushwa 2014, huweza kutoka kilomita 617 kupiga picha ambayo nukta yake ni sentimita 31. Jicho kali namna hiyo huona chembamba: ukanda wake ni kilomita 13 tu. Kwa hiyo nchi hushonwa kwa vipande, hiki cha mwaka huu, kile cha miaka mitano iliyopita, na kule ambako hakuna mnunuzi kipande hukaa mpaka kichakae. Mstari wa rula nilioushangaa haukuwa ukuta. Ulikuwa mshono baina ya siku mbili. Na hata rangi yenyewe ni ya kuazima: jicho lile kali huona nyeusi na nyeupe, na rangi hutoka kwa jicho jingine la setilaiti hiyo hiyo, butu mara nne, kisha hupakwa juu.

Na bado kuna ngazi zilizo karibu zaidi. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, ukizidi kutanua vidole wafika pa kuona bomba la moshi na kiti kilichosahauliwa bustanini. Hapo aghalabu si setilaiti tena, ijapokuwa kitufe chaendelea kusema setilaiti. Ni ndege, zilizoruka kwa mistari sambamba, kila picha ikilalia sehemu ya mwenziwe, kisha zikanyooshwa kwa hesabu ili vilima na majumba vikae mahali pake. Ukweli ni kwamba sisi wenyewe tuliwahi kupigwa kwa namna hiyo zamani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipita juu ya sehemu kubwa za Kenya, na ramani nyingi za karatasi zilizotundikwa katika ofisi za wilaya zilitoka katika picha hizo. Na karibu yetu zaidi, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Vijana wa visiwani walifundishwa kazi hiyo wakaifanya, na uzuri wa ndege ndogo ni kwamba hupita chini ya wingu. Mwenye shamba Pemba aweza kuhesabu mikarafuu yake.

(Wa Malindi watanikumbusha kwamba mambo ya setilaiti si mageni kwetu. Kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ikaitwa kwa neno letu, Uhuru. Lakini hiyo ilikuwa ikitazama nyota, si ardhi.)

Niliporudi kuitazama Kinna katika simu, nikaelewa kwa nini picha yake huvia mapema, ikawa ukungu pale ambapo mjini ungeendelea kuona vigae vya paa. Hakuna aliyelipa ndege ikapite huko. Mtu wa Kinna huonekana kwa jicho la mbali sana, siku aliyoichagua mwingine.

Basi nikasafiri. Nairobi, Meru, Maua, na Maua hapo soko la miraa lina makelele ya bandari. Kutoka Maua gari hushuka Nyambene, ubaridi ukaachwa nyuma, na masikio yakaziba kama ya mpiga mbizi. Simu yangu ilikuwa ikionyesha njia ya mkato. Nikamwonyesha dereva. Akaitupia jicho akasema, "Hiyo mzee ilikwenda na maji zamani," akaendelea na njia yake.

Nilichokikuta Kinna hakikuwa picha ya mbali wala ya karibu. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kunyesha. Nyasi zilikuwa zafika gotini, ng'ombe wana mng'aro, vipepeo wameziba njia ya kisimani. Nilimwambia mwenzangu, "Mimi nimekuja nikidhani nitawakuta jangwani." Akacheka, akasema, "Na aliyekuja Februari akapatazama leo kwa simu yake, angedhani sisi ni wale wale."

Baada ya Alasiri tuliketi barazani mwa msikiti, tukaifungua tena ile picha. Paa la msikiti tuliliona, na mnara umelala kidogo ubavuni, kwa sababu setilaiti haikuwa wima juu yake ilipopiga. Kilichonivuta mimi ni kivuli cha mnara. Maalimu wetu, Mungu amrehemu, alitufundisha kuijua Alasiri kwa kijiti kilichosimamishwa uani: kivuli kikifika urefu wa kijiti, zaidi ya kile kilichobaki adhuhuri, wakati umeingia. Aliyesoma hivyo hawezi kuona kivuli akakipita.

Kivuli cha mnara kilikuwa kimelala kuelekea kaskazini-magharibi. Sasa tufuatane, msomaji. Setilaiti nyingi za kazi hii zimepangiwa kupita kila mahali saa ile ile ya jua, kama saa nne au saa nne na nusu ya asubuhi, wakati wa Dhuha, jua limekwisha panda lakini vivuli vingaliko. Jua la Dhuha li mashariki, kwa hiyo kivuli kwenda magharibi si ajabu. Lakini katika mji unaokaribia Ikweta, kivuli kikiinamia kaskazini maana yake jua limekwenda kusini, na huko hukaa kutoka mwishoni mwa Septemba hadi Machi. Ongeza kwamba ardhi ilikuwa tupu na nyekundu. Basi si Novemba wala Desemba ya mvua. "Januari au Februari," mwenzangu akasema. "Ndiyo bona ya Waborana. Kiangazi." Ule mwaka ulioandikwa kwa herufi za sisimizi chini ya kioo haukutufaa kitu, ule ni wa haki ya kunakili, si tarehe ya picha.

Na ndipo nilipong'amua jambo ambalo katika kusoma kwangu kote sikulizingatia. Anayeuza picha ataka picha isiyo na wingu. Mvua haiji bila wingu. Kwa hiyo nchi kama hii, ambayo hupata majani kwa mvua na huyapoteza upesi, hupigwa picha aghalabu wakati wa kiangazi, na majani yake huota na kufa chini ya mawingu bila ya kupigwa. Ni kama mpiga picha ajaye nyumbani kwako siku za msiba tu, kisha akaitundika picha hiyo mjini na kuiandika: hivi ndivyo walivyo watu hawa.

Mzee mmoja alikuwa akitusikiliza, fimbo magotini, kofia nyeupe imefifia kwa jua. Alisema Kiswahili chake cha taratibu, na palipomshinda mwenzangu alimfasiria. Akanyoosha mkono, "Lete, mwalimu." Jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza simu kichwa chini. Nikataka kumsahihisha, kumbe yeye alikuwa amekaa anatazama kusini, upande wa mto Bisanadi na hifadhi ya Meru, na alitaka nchi ya mkononi ikae kama nchi iliyo mbele ya macho yake. Nikanyamaza. Al-Idrisi naye, alipomchorea ramani mfalme Roger wa Sisilia, kazi aliyoimaliza mwaka 1154, aliweka kusini juu, na Malindi na Mombasa alizitaja. Kaskazini kuwa juu ni mazoea tu. Kwetu waswali kaskazini ni kibla, na sijaona mtu akidai kibla kiko juu ya kichwa.

Mzee akaanza kuisoma picha. Nasema kuisoma, kwa maana sina neno jingine. Mistari myeupe niliyodhani ni nyufa, ilikuwa njia za mifugo, na zote zilikutana mahali pamoja kama vidole vya mkono. "Hapo ndipo maji," akasema. Maji yenyewe hayakuonekana. Yalikuwa chini ya kivuli cha mgunga. Kisima hicho kina zamu zake, na ana mtu wake wa kuzipanga, ambaye Waborana humwita aba herega: wa leo ni ng'ombe wa nani, wa kesho ngamia wa nani, na mgeni aliyekuja na kiu atiwe wapi. Duara ndogo zilizopauka zilikuwa maboma. Akaigusa moja. "Hili langu. Hapa mbuzi, hapa ngamia. Hii picha ni ya kabla ya ukame." Alikusudia ule ulioanza na vuli ya 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua haba, hata mifugo ikafa kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika. "Baada ya hapo sikujenga tena hapo. Sikuwa na cha kutia ndani."

Hivyo tukapata tarehe. Mimi nilikuwa nimepata msimu kwa kivuli. Yeye akapata miaka kwa boma lake.

Kisha akaivuta picha pembeni, mahali ambapo hapakuwa na duara wala mistari. Kichaka, mchanga, kichaka. Akaniuliza, "Hapa waona nini?"

"Mzee, hapa sioni kitu."

"Ndivyo wanavyosema."

Nami nikafundishwa, nimekaa kama mtoto wa chuoni. Waborana wa Isiolo wameigawa nchi yao katika maeneo ya malisho, kila moja likiitwa dedha, na kila dedha ina baraza la wazee wake. Ndani ya dedha kuna malisho ya wakati wa mvua, mbali na visima vya kudumu. Kuna malisho ya kiangazi. Na kuna malisho ya akiba, ambayo hayaingizwi mnyama mpaka ukame umekaza na wazee wamesema sasa. Aingiaye kabla ya ruhusa hutozwa. Kumbe kile kipande kitupu kilikuwa ghala. Hakikuwa na boma kwa sababu sheria imefuatwa. Kadiri wazee wanavyoilinda akiba yao, ndivyo inavyoonekana kutoka juu kama nchi isiyo na mwenyewe.

"Ghala likifungwa, mwalimu, wewe wa pwani wasema halina mwenyewe?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikumbuka mashamba ya kwetu yaliyotajwa kuwa pori kwa sababu mwenyewe alikuwa safarini.

Haya si maneno ya barazani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imefungua mlango wa jamii kusajili ardhi yake. Lakini mlango huo una kizingiti, nacho ni ramani. Mipaka itajwe, matumizi yaelezwe. Na wakati huo huo ile njia kuu iliyozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, ya bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, imechorwa kupita Isiolo. Watu wa Lamu wanajua zaidi yangu maana ya mradi mkubwa kutazama ramani ukaona pahali peupe.

Ndiyo sababu nilifurahi kusikia kwamba katika kaunti hii jambo lilikwisha anzwa. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, shirika la wenyeji la Isiolo liitwalo Resource Advocacy Programme, pamoja na taasisi ya IIED ya London, waliwaketisha wafugaji mbele ya picha za setilaiti zilizomulikwa ukutani kutoka Google Earth. Kwanza wazee walichora nchi yao kwa mkono wao wenyewe, kama waijuavyo. Kisha wakatazama ukutani. Watu ambao hawakupata kushika ramani ya karatasi walilitambua bonde, wakautambua mti, wakataja jina. Mtu wa kompyuta akaandika papo hapo jina na sifa zake: kisima hiki maji yake ni ya chumvi au matamu, chakauka mwezi gani, chatumiwa msimu upi. Kisha wakaenda na vyombo vya kupimia kuhakikisha. Yaani ile nguo ya viraka iliyotoka juu ilitiwa nakshi kutoka chini, na katika ramani hizo malisho ya akiba yana jina lake.

Nilimwuliza mzee kama yeye alikuwako. Akasema katika mkutano mmoja aliketi, na wenzake walibishana saa nzima juu ya mlima mmoja, mpaka picha ilipogeuzwa ikatazamwa kwa upande wake wa mashariki, ndipo wakapatana. Nikamwuliza kama walitaja kila kitu. Akafikiri kidogo.

"Si kila kitu. Kuna maji ukiyaandika, kesho wayanywa watu usiowajua."

Hilo nalo limenisumbua. Mimi niliyekwenda nikilalamika kwamba picha yaonyesha haba, nikakutana na mtu anayeogopa yasije yakaonekana mengi. Asiyeonekana huambiwa hana kitu, na aonekanaye sana hupata wageni. Wazee wale, kwa nilivyoona, walikwisha kupima hayo kabla yangu: jina la eneo litajwe, mpaka utajwe, kanuni ya kuingia itajwe, maji ya mwisho yabaki vichwani. Wako vijana wa hapo hapo wasiokubaliana nao, waniambia kwamba vichwa hufa, na baada ya ukame ule vimekufa vingi. Mmoja wao, aliyekuwa akitutilia chai, alitaka hata ndege ndogo zile za Zanzibar ziletwe Kinna zipite baada ya mvua, chini ya mawingu, ili kwa mara ya kwanza nchi ipigwe ikiwa imevaa. Mzee akamwuliza ni nani atakayekaa na picha. Kijana hakuwa na jawabu, lakini hakuonekana kushindwa.

Adhana ya Magharibi ilitukuta tukiwa bado twabishana. Mzee alinirudishia simu, akaniomba jambo moja. Nikifika Mombasa niwe naitazama Kinna mara kwa mara, na siku picha itakapobadilishwa nimpelekee habari kwa mwenzangu, nimwambie kama nyasi zaonekana, na boma lake jipya, lililo ng'ambo ya korongo, kama lipo.

Nimetazama jana usiku baada ya Isha. Kutoka mbali, majani. Nikatanua vidole, nchi ikawa nyekundu. Mshono uko pale pale, duara la boma la zamani liko pale pale, ng'ambo ya korongo hapana kitu, na kivuli cha mnara kingali kimelala kaskazini-magharibi.